Uchungu wa kuanzishiwa: tuulize kabla ya kukubali



Mara kwa mara tunasikia katika familia zetu kuwa fulani "ameanzishiwa uchungu". Ukiuliza sababu, unaambiwa wiki zimetimia tu. Mama mzima, mtoto anacheza, presha iko sawa. Sasa haraka ya nini?

Hatusemi kuwa dawa hiyo ni mbaya. Presha ya mimba ikipanda, chupa ikivunjika na uchungu usianze, au mimba ikipita wiki 41, huokoa maisha. Anayeikataa hapo kwa sababu bibi yake alizalia nyumbani anajidhuru mwenyewe. Tunazungumzia mama asiye na tatizo lolote.

Wanaoitetea wana hoja, hatuifichi. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani uitwao ARRIVE, wa wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza isiyo na matatizo. Katika kundi la walioanzishiwa uchungu wiki ya 39, waliojifungua kwa upasuaji walikuwa asilimia 18.6, katika kundi la waliosubiri, 22.2. Si tofauti ya kudharau. Lakini mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mimba isiyo na matatizo isianzishiwe uchungu kabla ya wiki 41. Na ushauri wake ni kwamba mwanamke aliyepewa dawa hizi asiachwe peke yake hata kidogo.

Hapo ndipo penye shida kwetu. Muuguzi mmoja, wodi imejaa, dripu inadondoka, nani atasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto? Dawa ikizidi, mji wa mimba hubana bila kupumzika na mtoto hukosa hewa. Mwenye mshono wa upasuaji wa zamani anaweza kupasuka mji wa mimba. Tazameni misoprostoli: kidonge cha kawaida ni maikrogramu 200, na kipimo cha WHO cha kuanzisha uchungu ni 25 tu kwa mdomo, kila baada ya saa 2. Sehemu moja ya nane ya kidonge! Atakayekikata kwa wembe atakosea.

(Na sisi nyumbani tusijitoe. Zile dawa za mizizi anazopewa mwari wiki ya 38 "uchungu uje upesi" hazina kipimo kabisa.)

Basi mkiambiwa, ulizeni kwa adabu: sababu ni ipi? Wiki zimehesabiwa vipi, kwa altrasaundi ya mapema au kwa kukisia? Nani atakaa na mgonjwa wetu? Chumba cha upasuaji kipo tayari usiku?

Jumuiya zetu nyingi zina zahanati na vituo vya uzazi. WHO inapendekeza kila mzazi awe na mtu wake wa kumshika mkono, na hilo halihitaji mashine. Linahitaji pazia la kusitiri baina ya vitanda, na kiti kimoja kwa mama yake au dada yake. Tuchangie hayo kwanza, inshaallah.