Sumu si Silaha ya Mwindaji

Ninalo neno juu ya uwindaji wa mwisho wa kipupwe, nami nitalisema wazi, ijapokuwa najua ya kwamba wengine katika kijiji changu watachukizwa nalo.

Siku moja katika mwezi wa Septemba watoto wawili wa darasa la tano waliniletea kanga watatu, wawe kitoweo changu. Niliwashukuru, kisha nikawageuzageuza wale kanga nipate kuona walipigwa wapi. Sikuona jeraha. Shingoni hamkuwa na alama ya tanzi, wala katika manyoya hamkuwa na damu. Nikauliza, "Wanangu, mmewaua kwa kitu gani?" Mmoja akajibu, "Hatukuwaua, Mwalimu. Tumewaokota penye dimbwi, na wengine wako wengi." Kumbe mtu alikuwa amechanganya mtama na dawa ya wadudu wa shamba, akaumwaga kando ya maji. Kanga wale watatu tuliwafukia katika shimo refu. Lakini wenzao waliookotwa alfajiri, sijui walipikwa katika nyumba ngapi.

Sisi tukaao Iringa, pande za Idodi na Pawaga, twayajua majira haya. Baridi ya Juni na Julai ikiisha kupita, majani yamekauka au yameungua, na maji yamebaki katika madimbwi machache. Hata Mto Ruaha Mkuu, ambao baba zetu hawakuuzoea kuuona mkavu, tangu mwaka 1993 hukatika maji wakati wa kiangazi. Hapo kanga, kwale na njiwa hukusanyika penye maji yaliyosalia, na sungura na digidigi hawana majani ya kujifichia. Fisi, chui na simba nao hupita karibu na mazizi yetu. Basi ndipo huondoka watu wawili: mmoja anataka kitoweo, na mwingine anataka kisasi kwa ajili ya mbuzi wake. Wote wawili huenda dukani, nao hununua chupa ile ile.

Sisemi ya kuwa kuwinda ni dhambi. Isaka alimtuma mwanawe Esau nyikani amletee mawindo, wala hakulaumiwa kwa hayo. Babu zetu waliwinda kwa mkuki na kwa upinde, nao walikuwa watu wa heshima. Walakini mwindaji ni mtu amwonaye mnyama wake kabla hajamwua. Hutazama kama ni dume au ni jike lenye mimba. Humwacha huyu, humfuata yule. Na akimjeruhi, hufuata damu mpaka amalize kazi aliyoianza. Sumu haina macho. Mwenye kuitega huenda nyumbani akalala, na kila kinywa kitakachofika pale kitakufa: kanga, mbwa wa jirani, kuku wa mjane, hata mtoto mwenye njaa. Je, mtu huyo ni mwindaji? Mimi nasema si mwindaji.

Tena tunaojiita watu wa Kitabu tukumbuke Torati. Musa aliwaagiza Waisraeli ya kwamba mtu akikuta kiota, asimchukue ndege mama pamoja na makinda yake. Aliwaagiza tena ya kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Nani katika sisi amelipa kwa ajili ya tanzi lake la waya lililokata mguu wa ndama? Nani amelipa kwa ajili ya mbwa aliyekufa kwa sumu yake?

Najua majibu yatakayotolewa. Mfugaji atasema, "Mwalimu, wewe hufugi. Simba amekula ng'ombe wangu, na kifuta jasho cha Serikali huchelewa, na kikija ni kidogo." Ndugu yangu, hayo ni kweli, wala siyadharau. Ng'ombe mmoja ni ada ya shule na ni dawa ya mgonjwa. Lakini tazama sumu ilivyofanya. Mwezi wa Februari mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, waliokotwa simba 6 waliokufa, na pamoja nao tumbusi 74. Hao tumbusi walikula ng'ombe wa nani? Mwaka 2019 katika nchi ya Botswana walikufa tumbusi 537 kwa sumu iliyotiwa katika mizoga ya tembo watatu.

Labda mtu atacheka na kusema kwamba tumbusi ni ndege mchafu, afe tu. Basi na asikie habari za India. Huko ng'ombe walipewa dawa ya maumivu ambayo kwa tumbusi ni sumu, na katika miaka michache tumbusi walitoweka, hata katika kila mia hawakusalia watano. Mizoga ikalala mashambani, mbwa wa kuzurura wakaongezeka kwa kuila, na hatari ya kichaa cha mbwa ikawazidi watu. Mwaka 2006 serikali yao ilikataza dawa ile isitumiwe kwa mifugo, lakini tumbusi hawarudi upesi kama walivyokufa.

Na chui je? Chui hula mbuzi, naam, lakini hula nyani pia. Katika nchi ya Ghana, mahali ambapo simba na chui walikwisha, nyani waliongezeka wakavamia mashamba, na watoto wakazuiliwa nyumbani wasiende shule, wapate kulinda mazao. Mimi niliye mwalimu naliona jambo hili kuwa hasara kubwa kuliko mbuzi. Na mondo, ambaye twamwua kwa sababu ya kuku mmoja, ndiye alaye panya wanaofukua mahindi yetu.

Tufanye nini basi? Zizi la miiba iliyolegea halimzuii fisi, bali zizi refu lililosukwa imara humzuia. Mtoto wa miaka minane asiachiwe kundi peke yake jioni, na mifugo irudi kabla jua halijachwa. Simba akizoea kuja kijijini, aitwe Bwana Nyama, maana hiyo ni kazi yake. Naye asipokuja, wazee wote waende kwake pamoja, wala wasichoke. Atakaye kitoweo na aombe kibali, awinde kwa njia iliyo halali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza sumu, matanzi, mashimo na moto. Lakini aibu yangu ni hii: kwamba sisi Wakristo tungoje askari atufundishe jambo ambalo Torati ilikwisha kutuambia.

Nawe mwenye duka, unayeketi kiti cha mbele kanisani, unajua ni nani anunuaye dawa ya wadudu katika mwezi ambao hakuna mmea shambani. Usiseme kwamba wewe ni mwuzaji tu. Muulize ana shamba gani.

Mimi nimewaapisha wanafunzi wangu neno moja, nami nawasihi wazazi walishike nyumbani: nyama isiyo na jeraha, ambayo mwuaji wake hajulikani, usiile, usiiuze, wala usimletee mwalimu wako. Na wewe uliyemwaga mtama ule penye dimbwi, wewe wajijua. Watoto wale wawili walikuwa na njaa siku ile. Kama wasingalikuwa na adabu ya kumkumbuka mwalimu wao kwanza, wangaliwabanika wale kanga pale pale penye maji, nasi tungaliwazika watoto.