BARAZA SI GULIO

Katika desturi zetu, baraza ni mahali pa heshima. Watu huketi jioni baada ya kazi, wakapashana habari, wakaulizana na kushauriana. Aulizaye ni fundi gani aliye hodari wa kuezeka hujibiwa na mwenzake ambaye nyumba yake imekwisha kuezekwa na fundi huyo. Jibu hilo halilipiwi hata senti moja, na kwa sababu hiyo lina thamani kupita tangazo lolote. Lakini siku itakapojulikana kwamba aliyejibu alikuwa amelipwa na fundi, jibu lake halitakuwa shauri tena. Litakuwa ni biashara iliyovaa kanzu ya shauri.

Siku hizi mabaraza mengi yamehamia katika simu na kompyuta. Wahasibu wana vikundi vyao vya majadiliano, walimu wana vyao, na madereva vilevile. Humo mtu huuliza: ni programu ipi itakayomfaa mwenye duka kuweka hesabu zake? Ni ipi itakayozuia virusi visiharibu kompyuta ya ofisi? Mara hutokea mtu asiyejulikana, akaisifu programu fulani kwa maneno matamu, akasema ameitumia mwaka mzima wala haikumsumbua hata siku moja. Hasemi kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza, au kwamba kila ainunuaye kwa njia yake humpatia fungu. Twaona jambo hili linazidi kuenea, na wapo wanaolitetea wakisema kuwa biashara ni biashara. Sisi hatukubaliani nao.

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mtandao wa vikundi vya majadiliano ulioanza kutumika mwaka 1980. Kila kikundi kilikuwa na jambo lake, na aliyeingia alitazamiwa kuzungumza lile lililowakutanisha watu. Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa mji wa Phoenix, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walitumia programu ndogo ya kompyuta kupeleka tangazo moja katika vikundi zaidi ya 5,000. Walitaka kuwauzia wageni huduma ya kuwaandalia maombi ya bahati nasibu ya viza ya kukaa Marekani, ingawa wakati ule serikali ya nchi hiyo haikutoza ada yoyote kwa kuingia. Tangazo lilibandikwa katika kila kikundi peke yake, hata msomaji wa vikundi 20 aliweza kulikuta mara 20.

Watu walighadhibika. Malalamiko yalimiminika kwa wingi hata mitambo ya kampuni iliyowapa mawakili hao njia ya kuingia mtandaoni ikazidiwa. Wao hawakujuta, mwaka uleule walitoa kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo ya kutafuta utajiri. Mwaka 1997 Canter alifutwa katika orodha ya mawakili wa jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa miongoni mwa sababu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hatuna budi kuwapa haki mawakili wale: hawakuficha kwamba wanauza. Mchuuzi apigaye kelele mahali pasipo pake huwakera watu, lakini hawadanganyi kuwa yeye si mchuuzi. Walio wabaya zaidi ni wale waliokuja baada yao. Mwezi Agosti 2010, Tume ya Biashara ya Marekani ilimaliza shauri la kampuni ya Reverb Communications, iliyoajiriwa kutangaza michezo ya kompyuta. Ilidaiwa kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakiandika sifa za michezo hiyo katika duka la iTunes wakijifanya wateja wa kawaida, bila kusema kuwa wamelipwa na wenye michezo. Nao mwaka 2013 wakuu wa biashara wa Taiwan waliitoza kampuni ya Samsung faini ya dola milioni 10 za Taiwan, kwa kulipia watu waandike mtandaoni kuisifu na kuwaponda washindani wake. Kumbe sauti zile zilizodhaniwa kuwa za umma zilikuwa sauti za mshahara.

Sheria nazo zimekwisha kusema. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 juu ya biashara isiyo ya haki limekataza mfanyabiashara kujifanya mnunuzi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Lakini sisi twasema kwamba hata pasingekuwa na sheria, jambo hili lingekuwa ovu. Aliyeuliza aliomba msaada wa ndugu, akapewa mtego. Baraza lote nalo huibiwa, maana mtu akidanganywa mara moja humshuku hata yule asemaye kweli, na mwishowe hakuna aulizaye wala ajibuye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala hasara yake si ya maneno matupu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mfanyakazi ambaye mshahara umemwishia katikati ya mwezi hana nafasi ya kufanya uchunguzi. Hutazama kile ambacho mwenzake amekisifu. Ikiwa mwenzake huyo amesifu kwa ajili ya ujira wa siri, basi amemwongoza ndugu yake kwenye deni huku akichukua zawadi kwa mkono wa nyuma.

Sasa, je, tupige marufuku kila tangazo? La. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini tusiufanye msemo huo kuwa fimbo ya kuwapigia vijana wetu. Makampuni makubwa yana fedha za kununua kurasa za magazeti na saa za redio. Kijana aliyetengeneza programu nzuri ya kuweka hesabu za chama cha ushirika hana fedha hizo. Tukimfunga mdomo barazani, tutakuwa tumewaachia wenye nguvu soko lote. Anayejua dawa hana haki ya kunyamaza mbele ya mgonjwa, hata kama dawa ni yake.

Linalotakiwa, basi, ni adabu, nayo si ngumu. Kwanza, ajitambulishe: maneno machache tu yatosha, "programu hii ni yangu," au "nalipwa nikiiuza." Pili, ajibu lililoulizwa, wala asiburuze kila mazungumzo hadi mlangoni pa duka lake. Tatu, aseme bei, na aseme pia lile ambalo programu yake haiwezi kulifanya. Na ikiwa iko nyingine ya bure itakayomtosha muulizaji, aitaje. Nne, asirudie tangazo moja katika vikundi vyote kana kwamba amekodi kipaza sauti. Tano, awe mtu wa baraza kabla ya kuwa muuzaji. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Aliyewasaidia wenzake katika mambo yasiyomletea faida, watu watamsikiliza kwa hiari siku atakapotaja kazi ya mikono yake.

Wasimamizi wa vikundi nao wana wajibu. Waandike kanuni zao zikajulikana na wote, wazitumie sawasawa kwa mkubwa na mdogo, wala wasiwatoe wachuuzi wadogo huku wao wenyewe wakipokea bahasha ya kampuni kubwa. Na kila mwanachama asione haya kuuliza waziwazi: "Ndugu, wewe una fungu gani katika jambo hili?" Swali hilo si tusi. Mtu mkweli atalijibu kwa neno moja, na yule atakayekasirika atakuwa amekwisha kujibu.

Twawasihi wafanyakazi wote, hasa vijana wanaoishi kwa kutengeneza na kuuza programu: uzeni, tena uzeni kwa bidii, kwa maana kazi ni heshima. Lakini mwuze mkiwa na nyuso zenu wazi. Mkopo wa fedha hulipika. Imani ya watu ikiisha, hakuna duka linaloiuza.