Bukavu: Kizibao chekundu hakitoshi, vijana wa huduma ya kwanza walipwe

Ajali ikitokea Bukavu, mara nyingi majeruhi anapandishwa kwenye pikipiki, katikati ya motari na mpita njia. Aliyevunjika mgongo anaweza kupooza hivyo, mbele ya kufika hospitali. Vijana wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wanafundishwa kuzuia damu, kufunga mfupa na kubeba kwa machela. Hiyo ndiyo kazi yao. Kudunga dawa ni kazi ya muuguzi, A2 ao A1. Kupasua ni ya daktari. Anayewaambia kwamba mafunzo ya siku chache yanawafanya waganga anawadanganya. Lakini serikali inayowategemea bila mshahara inawadanganya zaidi. Iwalipe, iweke ambulansi, na anayetaka kuendelea asaidiwe kusoma ISTM.