Karatasi Tatu, Moja Haihojiwi

Uchaguzi mkuu ukifika, wengi wetu tutapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza. Uwe umejiandikisha Iyunga, Mbeya, au Kihesa, Iringa, utapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kituo kimoja, siku moja, msimamizi yuleyule. Lakini karatasi hizo hazina haki sawa.

Matokeo ya udiwani yakiwa na utata, kesi inafunguliwa Mahakama ya Hakimu Mkazi. Ya ubunge yanakwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2012 ubunge wa Arusha Mjini ulitenguliwa na Mahakama Kuu, na kabla mwaka haujaisha Mahakama ya Rufani ikaurudisha. Nchi haikutikisika.

Ya urais je? Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza mshindi, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Basi, imeisha hiyo. Na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mshindi hahitaji hata kuvuka nusu ya kura. Anayeongoza ndiye rais. Yaani kiti kikubwa kuliko vyote ndicho chenye ulinzi mdogo kwa mpiga kura.

Ugomvi wa kura za urais ni wa zamani. Mwaka 1876 huko Marekani, majimbo ya Florida, Louisiana na South Carolina kila moja lilipeleka matokeo yanayopingana. Sheria haikuwa na njia iliyo wazi ya kuamua, ikabidi Bunge liunde tume ya watu 15 kwa dharura. Tume ikagawanyika 8 kwa 7, na Hayes akapata urais kwa kura 185 za wajumbe dhidi ya 184 za Tilden, ingawa Tilden ndiye aliyepigiwa kura nyingi na wananchi. Wakubwa walielewana. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliokuwa wakilinda serikali za mwisho za Republican kule Kusini waliondolewa kazi hiyo, na Wamarekani weusi wakabaki bila wa kuwatetea. Ugomvi usioandaliwa pa kuamuliwa humalizwa na wenye nguvu, halafu mnyonge ndiye analipa.

Tusiende mbali. Panda gari la Kyela, shuka Kasumulu, vuka Mto Songwe: uko Malawi. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa kura zisizofika asilimia 39. Wapinzani wakaenda mahakamani. Tarehe 3 Februari 2020 majaji wakafuta matokeo, baada ya kuonekana kuwa fomu zilifutwafutwa kwa wino mweupe. Uchaguzi ukarudiwa Juni, safari hii kwa sharti la kuvuka nusu, na Lazarus Chakwera akashinda. Mkulima wa Karonga ana mlinzi wa kura yake ya urais. Jirani yake wa Kyela hana.

Wapo watakaosema kesi za urais zitavuruga amani. Hoja hiyo siidharau, maana amani ni mali yetu sote. Ila tazama Kenya. Mwaka 2007 wapinzani walikataa kwenda mahakamani kwa sababu hawakuziamini, na zaidi ya watu 1,000 wakafa. Chini ya Katiba ya 2010, matokeo ya 2013, 2017 na 2022 yote yalibishaniwa mbele ya Mahakama ya Juu. Mwaka 2017 yakafutwa. Vurugu hazikukosekana kabisa, lakini haikuwa 2007 tena. Amani huhatarishwa zaidi pale mwenye malalamiko anapokosa pa kuyapeleka.

Na wala si wazo geni kwetu. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliruhusu kuhoji matokeo ya urais mahakamani, ila kura ya maoni haikufanyika. Julai 2020 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapahapa Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, wagombea wakija Ruanda Nzovwe au Mwembetogwa, tusiishie kuuliza habari za bumu na ajira. Tuwaulize pia: ukishika nchi, utakubali karatasi ile ya kwanza nayo ihojiwe?