Usingoje Maumivu

Mama wa Kinole au Matombo, katika milima ya Uluguru, akitwanga pilipili kali kisha akajigusa jicho, huona kama ameungua, ingawa hapana moto. Sababu yake ilijulikana mwaka 1997, pale mtaalamu wa Marekani David Julius na wenzake walipotambua kijilango katika mishipa ya fahamu kipokeacho ukali wa pilipili. Kijilango hicho hicho ndicho kipokeacho joto liunguzalo. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Mishipa hiyo hutuletea habari ya maumivu, nasi twaidhania kuwa mlinzi mwaminifu: akinyamaza, basi hapana ugonjwa. Katika saratani sivyo. Uvimbe unapoanza, mara nyingi hauumi. Ukisha kukua, huweza kutoa vitu viivutavyo mishipa ya fahamu imee kuuelekea, hata iingie ndani yake.

Tena liko la ajabu zaidi. Mwaka 2022 wataalamu walieleza waliyoyaona kwa panya wenye saratani ya ngozi iitwayo melanoma: mishipa ya maumivu iliyo karibu na uvimbe ilitoa kitu kilichowachosha askari wa mwili waliokuwa wakipigana na saratani. Mlinzi akawa, bila ya kukusudia, msaidizi wa mwizi. Uchunguzi wa kuigeuza elimu hii kuwa dawa ya binadamu ungali ukiendelea.

Lakini faida yake twaweza kuipata leo. Katika Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iongozayo kwa wanawake, nayo huanza kimya. Basi mama asingoje kuumwa, aende akapimwe. Binti naye apelekwe kuchanjwa, kwani chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Na mama akipewa barua ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 190 kutoka Morogoro mjini, baba asimwambie, "Tungoje kwanza tuone kama kutauma."

Na aliyekwisha kuumwa asifiche maumivu yake kwa kudhani kuwa kuficha ndiko kusubiri. Dawa za kuyatuliza zipo, na kuziomba si upungufu wa imani. Mwenye subira huvumilia huku akiitafuta tiba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.