Plastiki Haijiuzi: Funzo la Vyandarua vya Misungwi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilifaa zama ambapo mnunuzi aligonga chungu kwa kidole akasikia kama kina ufa. Kwa bidhaa za plastiki haitoshi. Ndoo mbili zaweza kufanana kwa rangi na kwa bei, kumbe moja imetengenezwa kwa plastiki safi, na nyingine kwa mabaki yaliyoyeyushwa bila uangalifu. Aghalabu tofauti hudhihirika baada ya miezi kadhaa ya jua, wakati fedha zimekwisha kulipwa. Kwa hiyo kumchagua mtengenezaji wa kutegemewa ni swali la sayansi kama lilivyo la biashara, na jibu lake hapana budi litokane na vipimo.

Mfano bora tunao nchini, wilayani Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Chandarua cha siku hizi ni bidhaa ya plastiki: nyuzi zake ni za poliesta au za polithini. Dawa ya kuua mbu hupakwa juu ya uzi, au huchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa kabla haijavutwa kuwa uzi. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya namna hii ya pili mwaka 2003, kwa ufundi wa kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani.

Januari 2019, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wake waligawa vyandarua zaidi ya 147,000 kwa kaya zipatazo 39,000 za Misungwi. Vilikuwa vya aina nne, na kila eneo lilipangiwa aina yake kwa kura. Aina ya kawaida ilikuwa na dawa ya pairethroidi peke yake, ambayo mbu wengi wa huko wamekuwa sugu kwayo. Nyingine tatu ziliongezewa kila moja kemikali ya pili.

Kwa kutazama tu, hakuna mzazi ambaye angejua ni kipi kitakachomlinda mwanawe zaidi. Baada ya miaka miwili vipimo vya damu vilisema. Miongoni mwa watoto waliopimwa, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 penye vyandarua vya kawaida, 40.7 penye kemikali iitwayo PBO, 37.5 penye pairiproksifeni, na 25.6 tu penye klofenapiri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vyenye klofenapiri vitumiwe badala ya vile vya pairethroidi peke yake mahali penye mbu sugu. Tofauti hiyo ilitokana hasa na dawa. Lakini uzi nao una hukumu yake: chandarua hutarajiwa kudumu miaka mitatu, na uchunguzi wa Misungwi ulionyesha kwamba vingi vilichakaa mapema zaidi.

Nini basi wajibu wa mnunuzi, awe wizara, halmashauri au shule inayotafuta tangi la maji? Kwanza, aandike anachokihitaji kabla ya kuuliza bei: aina ya plastiki, unene, uzito, na muda wa kustahimili jua. Pili, asihukumu kwa sampuli aliyoletewa na muuzaji. Achague mwenyewe, bila kupendelea, vipande kutoka katika kila shehena, avipime, na ahifadhi kimoja kwa ajili ya kulinganisha. Alama ya Shirika la Viwango iwe mwanzo wa uchunguzi, isiwe mwisho wake. Tatu, agawanye bei kwa miaka ya matumizi. Tuseme bidhaa ya shilingi 6,000 hudumu miaka mitatu, na ya shilingi 4,500 hudumu mwaka mmoja na nusu. Ya kwanza hugharimu shilingi 2,000 kwa mwaka, ya pili 3,000. Iliyoitwa rahisi ndiyo ghali.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatavionea viwanda vyetu vichanga. Mimi naona kinyume. Mnunuzi mwenye huruma hukizoeza kiwanda uzembe. Mnunuzi mwenye mizani hukifundisha kazi.

Mizani hiyo ianzie darasani. Wanafunzi wakate vipande vyenye upana na unene sawa kutoka katika ndoo kuukuu za aina mbili. Baadhi waviweke juani, na vingine kabatini. Kila mwezi wapime uzito unaohitajika kukikata kipande cha kila kundi, na matokeo wayaandike daftarini. Miongoni mwao watatoka maofisa ugavi na wajumbe wa kamati za zabuni. Heri wafike huko wakiwa wamekwisha zoea kuuliza, kabla ya kutia sahihi: kimepimwa wapi, kwa muda gani, na nani aliyepima?