Donge Kabla ya Nakshi

Kijana mmoja hapa Same aliniambia kwamba ameacha kuchonga kwa kompyuta. Mashine yake ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, na wakubwa wa fani wamemwambia, bila 32 asijisumbue. Nilikasirika, na hasira ile haijanitoka.

Hebu tuhesabu, ndugu msomaji. Katika Blender, programu isiyouzwa, umbo hujengwa kwa nyuso ndogo ndogo. Kila ukiagiza zigawanywe, mmoja huwa minne. Mchemraba una nyuso 6. Ukiugawa mara 5 unapata 6,144, na mashine yake huzibeba bila kuhema. Ukiugawa mara 10 unapata 6,291,456! Hapo ndipo inapoganda, feni ikilia kama mashine ya kusaga (na joto la Same nalo halisaidii).

Sasa nauliza: ni nani aliyemfundisha kugawa mara 10 kabla hajajua tumbo la chungu linaanzia wapi? Nami nilifanya upuuzi huohuo. Nilipoteza kazi ya jioni nzima kwa kutaka nakshi za shingoni wakati chungu chenyewe hakijasimama. Mama zetu wafinyanzi huko Usangi hawatii nakshi kwenye donge.

Mtasema sinema hutaka mamilioni ya nyuso. Kweli, mwishoni, na siku hiyo atahitaji mashine kubwa. Lakini kumwambia asianze ni kumkata mkono.

Nilimkalisha tena, tukaanza na zile 6,144. Jana alinionyesha chungu. Kimepinda kidogo upande wa kushoto.